Kengele ya Moshi Katika Nyumba Yenye Karafuu



Katika ukurasa huu wa mafunzo tumezoea kusema juu ya uchumaji, uanikaji na upaliliaji. Mara hii somo letu laingia ndani ya nyumba, tena chumbani mwa kulala, nalo ni juu ya chombo kidogo kiitwacho kengele ya moshi: jinsi ya kukichagua, kukifunga na kukitunza. Huenda msomaji akasema kwamba chombo hicho ni cha mahoteli ya watalii na majumba ya serikali, si cha mkulima wa karafuu. Mimi nasema kinyume chake. Hoteli ina mlinzi anayekesha, ina mabomba ya maji na milango ya dharura. Mkulima ana mkewe, watoto wake na magunia yake.

Hebu tutazame hali ya nyumba zetu msimu unapoingia. Miezi mingine nyumba ni nyumba, lakini msimu ukifika hugeuka ghala. Karafuu zilizoanikwa mchana huingizwa ndani jioni kwa kuogopa umande, mvua na wezi. Zilizokwisha kukauka hutiwa maguniani zikingoja siku ya kupelekwa kituoni. Makonyo hurundikwa ukumbini. Jamaa waliokuja kuchuma hulala juu ya mikeka kati ya magunia. Watu huchambua karafuu mpaka saa nne au saa tano za usiku, na umeme ukikatika huwashwa koroboi au mshumaa, ukawekwa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Mwishowe kila mtu amechoka, milango hutiwa kufuli, na madirisha mengi siku hizi yana nondo.

Sasa tufikiri ni kitu gani kilichomo katika magunia yale. Karafuu kavu iliyo nzuri ina mafuta kiasi cha 15 hadi 20 katika kila 100 ya uzito wake, na makonyo yana kiasi cha 5 hadi 7. Ndiyo sababu makonyo hupelekwa kiwandani kutolewa mafuta. Simaanishi kwamba karafuu hulipuka kama petroli, la. Bali moto ukishaikamata hupata chakula kizuri. Gunia lenyewe la nyuzi lina tabia nyingine iliyo mbaya zaidi: cheche ikiliangukia, huenda lisitoe ndimi za moto kwa muda mrefu, likafukuta tu polepole na kutoa moshi. Na godoro la sponji, ambalo limeingia karibu kila nyumba mahali pa godoro la usufi, likishika moto hutoa moshi mweusi wenye sumu kali. Katika chumba chenye sponji mtu huweza kupata dakika tatu tu, au pungufu, tangu ndimi za moto kuonekana mpaka njia ya kutokea kuzibwa.

Wako watu, na hasa wazee wetu, wasemao: "Mimi nina pua nzuri, moshi ukiingia nitaamka." Jambo hili halina ukweli, na tusilitegemee hata kidogo. Mtu akilala, pua nayo hulala. Sikio ndilo linalobaki macho. Moshi hauamshi mtu, bali hewa ya sumu iliyomo ndani yake humzidishia usingizi, na wengi wa wanaofariki katika moto wa usiku huuawa na moshi kabla ya moto wenyewe kuwafikia. Tena katika msimu kijiji kizima chanukia karafuu, ndani na nje, hata mtu aliye macho hupata taabu kutambua harufu nyingine.

Basi kazi ya kengele ya moshi ni hiyo tu: kunusa kwa niaba ya mtu aliyelala, na kumpigia kelele sikioni. Haizimi moto. Hailindi gunia hata moja. Humpa mwenye nyumba dakika mbili tatu ambazo bila ya kengele asingekuwa nazo. Hesabu zinazowekwa Marekani zaonyesha kwamba kiasi cha vifo 3 katika kila 5 vya moto wa majumbani hutokea katika nyumba zisizo na kengele, au zenye kengele isiyofanya kazi. Na ile isiyofanya kazi aghalabu si mbovu. Ni betri iliyokufa, au iliyotolewa na mtu kwa mkono wake.

NAMNA MBILI ZA KENGELE

Kengele hizi zina hadithi ya kuchekesha kidogo. Katika miaka ya 1930 mtaalamu mmoja wa Uswisi, Walter Jaeger, alikuwa akijaribu kutengeneza chombo cha kutambua gesi ya sumu. Chombo kile hakikutambua gesi hata chembe, lakini alipowasha sigara kilitambua moshi wake. Katika miaka ya 1960 ndipo Duane Pearsall wa Marekani na wenzake walipotengeneza kengele ndogo ya betri ifaayo kwa nyumba ya mtu wa kawaida, na tangu hapo ikaenea.

Mpaka leo zauzwa namna mbili, na mnunuzi yampasa ajue tofauti.

Namna ya kwanza ina chembe ndogo mno ya madini yaitwayo amerisiamu, ambayo hutoa miale isiyoonekana. Miale hiyo huifanya hewa iliyomo ndani ya kikopo kupitisha umeme kidogo; moshi ukiingia umeme ule hupungua, na kengele hulia. Namna hii ni nyepesi kutambua moto unaowaka kwa ndimi, kama wa karatasi au petroli, lakini huchelewa kwa moto unaofukuta. Tena husumbua sana mahali penye upishi.

Namna ya pili hutumia mwanga. Nani katika sisi hajapata kuona mshale wa jua ukipenya tundu la makuti asubuhi, na vumbi likicheza ndani yake? Mahali pasipo na vumbi mshale ule hauonekani. Vumbi likiruka, mwanga hutawanyika ukaonekana kutoka ubavuni. Ndivyo kengele hii ifanyavyo. Ndani yake mna chumba cha giza, taa ndogo inayomulika upande mmoja, na jicho la umeme lililogeuzwa upande mwingine lisiione taa. Moshi ukiingia, mwanga hutawanyika ukalifikia jicho, na kengele hulia. Namna hii ni hodari kwa moshi wa polepole wa gunia, godoro, mkeka na waya wa umeme unaoungua, ambao ndio adui yetu hasa.

Kwa hiyo shauri langu kwa nyumba ya mkulima wa karafuu ni kununua kengele ya mwanga. Aliye na uwezo na aweke zote mbili, au ile moja iliyochanganya namna mbili. Asiye nao na aweke ya mwanga. Katika boksi lake huandikwa kwa Kiingereza neno lianzalo na herufi PHOTO, au neno OPTICAL. Ile ya amerisiamu huandikwa neno lianzalo na ION, tena huwa na alama ya miale. Tazama pia kama chombo kina alama ya kipimo: EN 14604 ni kipimo cha nchi za Ulaya, na UL 217 ni cha Marekani. Chombo kisicho na alama yo yote ya kipimo, hata kikiwa rahisi namna gani, kiache dukani. Ni afadhali mtu ajue kwamba hana kengele kuliko kulala akidhani anayo.

Mwanachama mmoja aliniuliza kama ile yenye amerisiamu itawadhuru watoto. Ikiwa imefungwa mahali pake haina madhara, kwa kuwa kiasi chake ni kidogo sana na miale yake haipiti hata katika kifuniko cha plastiki. La kukataza ni kuifumua, kuichoma moto au kuwapa watoto waichezee. Ile ya mwanga haina madini hayo kabisa.

Jambo la mwisho katika kununua ni betri. Umeme wa Pemba, tangu mwaka 2010, waja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, nasi tunashukuru. Lakini umeme wo wote hukatika, na saa ya kukatika ndiyo saa ya mishumaa. Kengele inayotegemea umeme wa ukutani peke yake haitufai. Nunua ya betri, na ikiwezekana ile ambayo betri yake imefungiwa ndani kwa miaka 10 na haitoki. Bei yake huzidi kidogo, lakini ina faida moja kubwa: kijana wako hawezi kuitoa betri akaitia katika redio siku ya mpira.

PA KUIFUNGA

Moshi hupanda juu, kisha hutambaa chini ya dari kama maji yanavyotambaa sakafuni. Kwa sababu hiyo kengele hukaa juu. Ikiwa ni moja tu, ifungwe katika ukumbi au ujia ulio nje ya milango ya vyumba vya kulala, ili isikike vyumbani mote. Zikiwa zaidi, kila chumba cha kulala kipate yake, na nyumba ya ghorofa ipate moja katika kila ghorofa. Chumba kinachowekwa magunia kama kiko ndani ya nyumba hiyo hiyo, nacho ni haki kipate yake. Lakini wa kwanza kupewa ni chumba cha watu, si cha karafuu. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa najua tabia yetu.

Nyumba yenye dari ni rahisi. Kengele hufungwa katikati ya dari, au po pote darini palipo umbali wa sentimita 30 au zaidi kutoka ukutani. Pembeni kabisa, mahali dari na ukuta vinapokutana, hewa hutuama na moshi huchelewa kufika. Ikiwa lazima kuifunga ukutani, basi iwe sentimita 15 hadi 30 chini ya dari.

Nyumba ya mabati isiyo na dari yataka fikira zaidi, na nyumba nyingi za wanachama ni za namna hiyo. Bati likipigwa na jua huwa kama kikaango; hewa ya moto hujazana chini yake, na moshi unaopanda hukutana na hewa ile ukasimama njiani. Tena kengele nyingi hazikutengenezwa kustahimili joto lipitalo digri 38 hivi. Kwa hiyo usiifunge kengele juu kabisa kwenye bati wala kwenye kenchi iliyogusana nalo. Ifunge katika ukuta wa ndani, si ule wa nje uliopigwa na jua, kiasi cha inchi 6 hadi 12 chini ya mahali ukuta unapokomea. Na kwa kuwa baina ya ukuta na paa mara nyingi huwa na uwazi ambao moshi hupotelea, yafaa kengele iwe karibu na wanaolala kuliko ingekuwa katika nyumba yenye dari. Nyumba ya makuti ni vivyo hivyo, ila wadudu ni wengi, na usafi wake utakuwa wa mara kwa mara.

Isiwe karibu na jiko. Umbali wa mita 3 kutoka mahali pa kupikia ndio wa chini kabisa. Isiwe karibu na mlango wa choo cha ndani ambamo mvuke wa maji ya moto hutoka, wala mbele ya dirisha lenye upepo, wala chini ya panga la feni. Kutoka ncha ya panga iwe mita moja kamili. Na isiwekwe juu ya mahali pa kuchambulia karafuu, kwa ajili ya vumbi.

Kuifunga kwenyewe ni kazi ya nusu saa. Kengele huja na kitako chake chenye matundu mawili. Kishike kitako mahali ulipopachagua, tia alama kwa penseli, toboa kwa keekee, ingiza vile vizibo vya plastiki, kaza parafujo kwa bisibisi, kisha tia betri na uizungushe kengele mpaka iingie katika kitako. Ukuta wa udongo na mawe haushiki parafujo. Hapo kata kibao cha ukubwa wa kiganja, kipigilie misumari kwenye boriti au mhimili, na kengele uifunge katika kibao. Gundi siipendi, kwa sababu joto letu huilegeza, na kengele itaanguka siku usiyoijua. Ukimaliza, tazama nyuma ya chombo mwaka wa kutengenezwa kwake, uuandike kwa wino ubavuni mahali panapoonekana kutoka chini.

Kisha bonyeza kitufe cha majaribio. Mlio wake ni mkali, kiasi cha desibeli 85 mtu akiwa mita 3 mbali. Mwache mtu mmoja abonyeze, wewe nenda ukalale kitandani, mlango umefungwa na feni inazunguka, usikilize. Kama wausikia kwa shida ukiwa macho, hutausikia ukiwa usingizini, na itakupasa uongeze nyingine chumbani.

MATUNZO

Hapa ndipo kazi ilipo. Kufunga ni siku moja, kutunza ni miaka kumi.

Mara moja kila juma bonyeza kitufe. Mimi napendelea Ijumaa asubuhi, kwa kuwa ni siku isiyosahaulika. Mwenye nyumba asiyefika juu na atumie mpini wa ufagio. Mtu asijaribu kengele kwa kuwasha karatasi chini yake, kwani huo ni mchezo wa kuleta kile tunachokikimbia. Betri isiyo ya miaka 10 hubadilishwa kila mwaka, hata kama bado ina nguvu. Fanya hivyo kabla ya msimu kuanza, siku ile unapotengeneza majamvi na kutafuta magunia, iwe ni kazi moja. Betri inapochoka kengele hutoa mlio mfupi mmoja, kama wa kifaranga, kila dakika moja au karibu yake. Wengi husumbuliwa na mlio huo usiku wakaitoa betri ili walale, wakiahidi kununua nyingine kesho. Kesho hiyo aghalabu haifiki.

Vumbi ni adui wa pili. Karafuu kavu ikimwagwa na kupepetwa hutoa vumbi jepesi linaloruka mpaka juu, na vumbi hilo likiingia katika kile chumba cha giza, kengele huona kama ni moshi ikalia bure, au matundu yake huziba isilie kabisa. Buibui na wadudu wadogo nao hupenda kuingia humo. Basi kila mwezi, na katika msimu kila wiki mbili, isafishe kwa nje na katika matundu yake kwa brashi laini iliyo kavu. Usitumie maji, wala mafuta ya taa, wala dawa ya kupulizia wadudu. Wakati wa kupaka chokaa au rangi nyumba, ivue uiweke pembeni. Ikipakwa rangi imekwisha. Na miaka 10 tangu kutengenezwa ikitimia, inunuliwe mpya, ijapokuwa ile ya zamani bado yalia ukibonyeza. Kitufe hupima mlio na umeme wake. Hakipimi sawasawa kama jicho la ndani bado laona vizuri.

Sasa nifike kwenye udi. Najua wanawake watasema kengele hii haipatani na desturi zetu, nao wana haki, maana chetezo kikifukizwa ubani chini yake italia, na samaki wa kuchoma naye ataifanya ilie. Dawa si kutoa betri. Kengele nyingi zina kitufe cha kuinyamazisha kwa muda wa kama dakika 10, kisha huamka yenyewe. Afukizaye nguo na afungue dirisha, au afukizie chumba kisicho na kengele, au uwani. Ikiwa yalia kila siku kwa sababu ya upishi, basi imefungwa pabaya, ihamishwe. Chetezo chenyewe kisiachwe juu ya kitanda wala karibu na chandarua, na makaa yake yazimwe kwa maji kabla ya kulala. Dini yetu ilitufunza zamani sana kuzima taa na moto kabla ya kulala, na panya akatajwa kuwa ndiye aburutaye utambi. Siku hizi nitamwongeza mwenziwe panya, nayo ni chaji ya simu iliyoachwa juu ya godoro la sponji usiku kucha.

KITU AMBACHO KENGELE HAIKIONI

Mvua ikishika katikati ya msimu, na karafuu mbichi zimejaa ndani zikianza kuharibika, mtu hushawishika kuleta majiko ya makaa ndani ya chumba, akafunga madirisha ili joto lisitoke, na watu wakalala humo humo. Makaa yaliyokwisha kushika hayatoi moshi. Hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksaidi, nayo huua watu wazima wakiwa usingizini bila hata kukohoa. Kengele ya moshi haiitambui hewa hiyo, itakaa kimya darini watu wakifa chini yake. Iko kengele nyingine mahususi kwa hewa hiyo, lakini jambo la hakika ni moja: jiko la makaa lisilale ndani ya chumba wanamolala watu, mvua inyeshe isinyeshe. Karafuu za mvua zitandazwe nyembamba mahali penye upepo, zigeuzwe mara kwa mara. Zikipungua daraja, na zipungue.

IKILIA USIKU

Kengele ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mlango. Twaitia nyumba kufuli kwa kuogopa mwizi wa karafuu, na ufunguo tukauficha chini ya mto, au ukawa mfukoni mwa baba aliyelala chumba cha mwisho. Kengele ikilia, moshi umejaa, taa imezimika, nani atauona ufunguo? Mlango wa kutokea usiku ufungwe kwa komeo la ndani. Ikiwa lazima kufuli, ufunguo utundikwe katika msumari mmoja usiobadilika, karibu na mlango, kwa kimo anachokifikia mtoto wa miaka minane, lakini mbali na dirisha mwizi asiunyakue. Na katika kila chumba chenye nondo, dirisha moja lifanywe la kufunguka kwa ndani. Fundi ye yote wa vyuma aweza kazi hiyo. Magunia yasipangwe mbele ya mlango wala katika ujia, hata kwa usiku mmoja.

Watoto wadogo aghalabu hawaamki kwa mlio wa kengele, hata ukiwa mkali; kwa hiyo ijulikane mapema ni mtu gani atamchukua mtoto gani, na nani atamshika mkono bibi. Wachumaji wageni waonyeshwe njia ya kutokea siku ile ile wanapofika. Watu wainame wapite chini, kwa kuwa hewa njema hubaki karibu na sakafu. Mlango uliofungwa uguswe kwanza kwa mgongo wa mkono. Ukiwa wa moto usifunguliwe, itafutwe njia nyingine. Atokaye nyuma aurudishe mlango, maana mlango uliofungwa huchelewesha moto. Wote wakutane mahali pamoja panapojulikana, chini ya mwembe au penye kisima, wahesabiwe. Hapo ndipo pigeni simu Kikosi cha Zimamoto na Uokozi. Namba ya kituo kilicho karibu nanyi iandikwe katika simu ya kila mtu mzima, isingoje kutafutwa usiku huo.

Na baada ya kuhesabiana, mtu asirudi ndani. Najua ninamwambia nani maneno haya. Gunia la karafuu ni ada ya skuli, ni mabati ya chumba kipya, ni deni la dukani lililochukuliwa tangu masika. Mtu aliyelipanda mti, akangoja miaka mpaka ukazaa, akapanda juu na kushuka mara mia, si rahisi kusimama chini ya mwembe akatazama. Atasema: nachukua moja tu, lile lililo karibu na mlango. Lakini moshi wa sponji humwangusha mtu kwa pumzi mbili tatu, na wa pili huingia kumtafuta wa kwanza. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na watu waliobaki wakapanda upya. Jambo hili lizungumzwe nyumbani mapema, mchana, watu wakiwa wametulia, na mwenye nyumba mwenyewe aseme mbele ya mkewe na wanawe kwamba hatarudi. Akisha kusema mbele yao, itakuwa vigumu kwake kuvunja ahadi usiku ule.

Wanachama wanaotaka kengele kwa njia ya Chama waandikishe majina kwa makarani wa matawi yao, wakitaja idadi ya vyumba vya kulala na kama nyumba ina dari au haina. Tutaagiza za mwanga peke yake, zenye betri ya miaka 10. Asiyeweza kupanda ngazi, au mjane asiye na kijana nyumbani, amwambie karani, na vijana wa tawi watakwenda kumfungia bila ya malipo kabla ya uchumaji kuanza. Keekee na bisibisi zipo ofisini. Atakayezichukua atie sahihi katika daftari.

Katibu wa Chama